Madoa ya Andulile

"Ongeza kidogo, mzee. Polepole."

Lusubilo alikuwa amelala chali sakafuni mwa sebule ya Bibi Syabumi, kichwa kimeegemea begi la vifaa, akitazama boriti. Pembeni yake jicho, mashine yake ya kupimia, lilisimama kwenye miguu yake mitatu, lenzi zake mbili zikitazama kule kule. Sauti ya Lusubilo ilitoka dirishani, ikapanda ukuta, na kutoka dirisha la ghorofa ya juu jibu likashuka.

"Polepole ndiyo mwendo wangu siku hizi," alisema Mzee Asangalwisye, ambaye jengo zima lilimwita Asa. "Hata kukohoa nakohoa kwa mafungu. Niambie tu, fundi, hili godoro lako la maji nilijaze mpaka wapi?"

"Mpaka mstari wa bluu."

"Nikilala juu yake je, nitahesabika?"

"Utahesabika, mzee. Utaniharibia hesabu."

Maji yakasikika yakichuruzika. Ulikuwa mfuko mpana wa mpira, umetandazwa sakafuni mwa Asa, juu kabisa ya boriti hii. Ukijaa huwa mzito kama watu wa harusi wanaocheza wamesongamana mahali pamoja. Ukifunguliwa, uzito huondoka na maji, bila kuumiza mtu wala ukuta. Kwa mfuko huo Lusubilo aliliuliza jengo swali bila kulipiga.

Chini ya tumbo la boriti, kutoka ncha hadi ncha, ulipita mkanda wa katani wenye upana wa kiganja, uliogandishwa kwenye zege baada ya matetemeko. Mkanda na zege la pembeni vilipakwa rangi nyeupe, na juu ya weupe huo palikuwa na madoa meusi madogo. Madoa ndiyo yaliyosomwa. Jicho hupiga picha kabla ya mzigo, na nyingine mzigo ukiwa juu. Kila kikundi cha madoa kwake ni kama uso wa mtu. Hulitafuta lile kundi tena katika picha ya pili na kupima limehama kiasi gani, hata kama ni kwa unene usiofika wa unywele. Uso ulio kwenye mkanda na uso ulio kwenye zege zikihama pamoja, mkanda na zege bado vimeshikana. Ule wa mkanda ukitangulia na wa zege ukabaki nyuma, mahali hapo pameanza kuachia.

"Mstari wa bluu," alitangaza Asa.

Lusubilo akageuza kichwa kutazama kioo cha mashine. Kijani. Boriti nzima, ncha hadi ncha, kijani kilichotulia kama maji ya beseni.

"Inasemaje?" Bibi Syabumi aliuliza kutoka jikoni, alikokuwa akimenya ndizi.

"Kijani, Bibi."

"Si nilikuambia. Boriti hii ina adabu."

Lusubilo aliendelea kutazama kioo. Asubuhi hiyo alikuwa amesoma boriti ya korido, na ya chumba cha mbele, na ile ya kwenye ngazi. Zote zilikuwa nzima, na zote zilipobebeshwa maji zilijikunja kidogo, kama mtu mwenye afya anavyojikunja akibebeshwa ndoo. Kioo kilionyesha kijani chenye mawimbi. Hii haikuwa na wimbi hata moja.

"Mzee Asa, hebu nenda mpaka mstari mwekundu. Halafu tembea. Tembea kwa nguvu, kama umekasirika."

"Nimkasirikie nani?"

"Yeyote."

Maji yakachuruzika tena, kisha juu pakaanza vishindo. Asa hakutembea, alicheza, tena akijiimbia. Kabatini mwa Bibi Syabumi vikombe viligongana na kulia. Maji ya kwenye glasi mezani yalitetemeka. Lusubilo akatazama kioo. Vikombe vilihisi, glasi ilihisi. Boriti ilisema haikuhisi chochote.

Akainuka, akachukua stuli, akapanda, akasogeza uso karibu na mkanda mpaka pumzi yake ikarudi usoni. 

Madoa yale yalikuwa katika mistari. Mistari iliyonyooka, na nafasi sawa kati ya doa na doa, na mstari wa pili umeanza pale wa kwanza ulipoachia nafasi, hivyo hivyo hadi mwisho wa boriti, kama shamba la chai linavyoonekana kutoka ng'ambo ya bonde.

*

"Nani aliyapaka haya, Bibi?"

Aliuliza akiwa ameshuka, amekaa kwenye kiti alichopewa, mikono juu ya magoti. Bibi Syabumi alisimama mlangoni mwa jikoni na kisu chake. Alikuwa mwanamke mrefu aliyeanza kupinda mabegani, amejifunga kitenge juu ya sweta, maana ukungu wa Rungwe ulikuwa umeshuka tangu asubuhi na haukuwa na haraka ya kuondoka Tukuyu.

"Kuna kosa?"

"Sijajua. Nauliza tu."

Akaweka kisu mezani. "Ilikuwa Pasaka. Pasaka huwezi kukaa na nyumba chafu, na boriti ilikuwa imekuwa nyeusi kwa moshi wa jiko. Nikaisugua kwa sabuni. Nilipomaliza ilikuwa safi kabisa, halafu nikatazama beseni, nikaona madoa yenu yote yako kwenye maji."

"Ukaogopa."

"Wewe usingeogopa? Nilisema, sasa watakuja wale vijana, watakuta boriti haina macho, watatupa nyekundu, tutolewe. Nikalia. Mume wangu Andulile akanitazama, akasema, Syabumi, unalilia vidoa? Alikuwa na rangi nyeusi iliyobaki alipopaka baiskeli yake. Akapanda juu ya meza hii na kijiti cha kibiriti, mimi nikamshika vifundo vya miguu asianguke. Tulifanya kazi ile Jumamosi nzima. Kila akimaliza mstari ananiuliza, umenyooka? Namwambia, umenyooka. Alisema madoa yenu ya ofisi yalikuwa yamekaa ovyo ovyo, hata aibu."

Akatabasamu kidogo, akiitazama boriti.

"Alikuwa fundi wa vitalu vya chai maisha yake yote," alisema. "Alipanda kwa kamba. Hata ndizi sahanini alikuwa akizipanga."

Lusubilo alimfahamu marehemu kwa picha tu, ile iliyokuwa ukutani: mzee mwembamba mwenye kofia, amesimama kando ya baiskeli. Alikuwa amefariki kipupwe cha mwaka uliopita.

"Alifanya kazi nzuri," Lusubilo alisema, na hakuwa akimbembeleza. Kwa kijiti cha kibiriti, juu ya meza, kichwa kimeinuliwa juu siku nzima, ilikuwa kazi nzuri sana.

Akaomba ruhusa, akatoka hadi ngazini na simu yake.

*

"Nimeona kijani chako," alisema Mhandisi Atuganile kutoka ofisini. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekula chakula cha mchana akiwa amesimama. "Boriti ya kati kijani, basi jengo zima kijani. Nitie sahihi?"

"Bado, dada Atu. Madoa yamepakwa kwa mkono. Yako kwa mistari."

Kule ofisini kalamu ilisikika ikiwekwa mezani.

"Mistari kiasi gani?"

"Kama chai."

Hakuhitaji kumweleza zaidi. Jicho hutambua uso kwa kuwa haufanani na jirani yake. Madoa yakimwagika ovyo, kila kikundi kina sura yake, na mashine hukipata popote kilipohamia. Yakipangwa sawasawa, nyuso zote huwa moja. Mashine huulizwa, yule wa mwanzo yuko wapi, nayo huona wengi wanaofanana naye. Basi huchagua jibu la karibu kuliko yote, kwamba hajahama. Mkanda ungeweza kuwa umeshika kama kucha na kidole. Ungeweza kuwa umekwisha kuteleza na kuning'inia. Madoa ya Andulile yangesema lile lile. Hayakuwa yakidanganya. Hayakujua.

"Lusubilo," alisema Atuganile, "unataka nikusikie, au nisikusikie?"

"Sijaelewa."

"Mtandao wa huko milimani unakatika katika. Mimi nina kijani mbele yangu. Umekwenda uwanjani siku za karibuni, kwenye mahema?"

"Nimekwenda."

"Basi umeona wanavyokaa. Wazee wenyewe umewaona. Mimi nimewapeleka wengi kule, kwa sahihi yangu, na kila mmoja aliniuliza atarudi lini."

Lusubilo alijua alichomaanisha. Gundi iliyoshika mikanda hii ilikuwa hai. Ndani yake waliishi viumbe wadogo waliokula chokaa na unyevu, na waliojenga pale tu walipohisi kuvutwa. Mtu akipita juu, akiburuta kiti, akitwanga, mkanda hunyooka chembe. Gundi hushtuka na kuzamisha mizizi yake zaidi ndani ya zege, kama mfupa wa mtoto unavyokomaa kwa kutembea. Mwaka wa kwanza baada ya matetemeko, ofisi ilihamisha watu kutoka kila nyumba iliyotiliwa shaka, ili ipone kwa utulivu. Nyumba hazikupona. Masika moja ya ukimya ilitosha. Gundi ilisinzia, kisha ikafa, na mikanda ikaanguka kama maganda ya mgomba. Lusubilo ndiye aliyeiokota. Kila mmoja ulikuwa umebeba mgongoni ngozi nyembamba ya zege. Gundi, hata ikiwa imekufa, haikuachia mpaka mwisho. Zege lenyewe ndilo lililochanika, pale mizizi ilipokoma.

Tangu hapo kila mtu alijua kwamba nyekundu si likizo. Anayetoka, ametoka.

"Nitakupigia," alisema.

"Kabla sijafunga ofisi. Na Lusubilo."

"Naam."

"Sikukusikia."

Akabaki ngazini, mkono kwenye ukuta wenye unyevu. Alikuwa mtu wa kufikiri taratibu, na kazini walimtania kwa hilo. Alijaribu kulitazama jambo lile upande mmoja, kisha wa pili. Huenda boriti ile ilikuwa na gundi bora kuliko zote mjini. Chini yake alikuwa akitembea mwanamke mmoja asubuhi hadi jioni; juu yake ilikuwa familia yenye kelele. Boriti haikukosa watu hata siku moja. Ikiwa ndivyo, kufuta madoa kungekuwa kumpokonya mjane kazi ya mwisho ya mumewe ili kuthibitisha jambo ambalo lilikuwa kweli tayari. Na huenda haikuwa hivyo. Sabuni ile, maji yale ya Pasaka, unyevu uliopenya kwenye kingo. Huenda mkanda ulikuwa umeachia tangu siku ile ile, na Andulile akaufunika kwa mistari yake mizuri.

Angeweza kukunja miguu ya jicho na kwenda zake. Hakuna ambaye angemuuliza.

Akarudi ndani.

*

Alimweleza yote, kwa maneno mepesi, bila kuzunguka. Bibi Syabumi alimsikiliza akiwa amekaa, sufuria ya ndizi mapajani.

"Kwa hiyo mume wangu amekuwa akiidanganya ofisi yenu," alisema mwishowe.

"Hapana, Bibi. Alipanda chai."

Kicheko kifupi kilimtoka, kisha kikakatika. "Ukiyafuta, kijani changu kinakwenda wapi?"

"Sijui. Labda kitarudi kesho, cha kweli. Labda hakitarudi."

"Na usipoyafuta?"

"Kijani kinabaki."

"Sasa mbona umeniambia? Ungefunga vyombo vyako ukaenda, mwanangu. Ningekupikia ndizi hizi, nikakufungia kwenye jani ule njiani."

"Ndizi hizo ningezilaje, Bibi?"

Akamtazama. Haikuwa hasira hasa, ila macho yake yalikuwa yamefunga mlango. Akachukua ndizi aliyokwisha kuimenya na kuiosha, akaiosha tena.

"Una mama?" aliuliza.

"Ninaye. Yuko Kiwira."

"Nyumba yake ina mkanda?"

"Ya matofali ya udongo. Haina."

"Ana bahati. Amekaa kwenye udongo wake na hakuna anayemsoma."

Lusubilo hakukunja miguu ya jicho wala kuchukua begi. Alikaa. Jicho nalo lilikaa, taa yake ndogo ikipepesa. Nje mtu alipita akiburuta kitu kwenye changarawe, kisha kukatulia.

Ndipo juu kukasikika sauti nyembamba, ya kukwaruza, iliyoanza kama mlango usio na mafuta na kupanda. Mtoto mchanga alikuwa ameamka. Nyayo za Asa zikaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na sauti yake nzito ikimwimbia wimbo usiokuwa na maneno ya maana. Vikombe vikalia kabatini kwa kila hatua.

"Lugano huyo," alisema Bibi Syabumi. "Mjukuu wa Asa. Hana hata meno."

"Nilimwona nilipopandisha mfuko. Anafanana na babu yake."

"Masikini." Akainua uso kutazama boriti. "Unajua kitanda chake kiko wapi?"

Lusubilo alijua. Alikuwa amekisogeza kwa mikono yake ili kutandaza mfuko.

"Hapo hapo juu," alisema Bibi. "Mama yake alitafuta chumba kizima mahali pasipovuja, akaona ni hapo tu. Akaja kunieleza kwa furaha. Nikamwambia, umefanya vizuri, boriti hiyo ina madoa ya Andulile."

 Nyayo zilikwenda na kurudi. Akaweka sufuria chini, akajifuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Andulile angekuwepo," alisema, "angeyafuta mwenyewe. Kwa hasira, maana hakupenda kazi iliyokaa vibaya. Leta hicho kisu chako."

"Si kisu, Bibi. Ni msasa laini. Nyuzi zisikatike." Akasimama, akasita. "Na sihitaji boriti yote."

"Unahitaji nini?"

Akamwonyesha kwa mkono. Mkanda haushiki kwa urefu wake wote; unashika nchani. Mzigo ukija, kazi hubebwa na kipande cha mwisho, kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na kipande hicho kikichoka ndipo mshiko unaposogea ndani, kisha ndani zaidi. Anayetaka kujua kama mkanda umeshika anasoma ncha. Zikiwa zimeshika, katikati hakuna wa kuuliza.

"Kwa hiyo katikati..."

"Katikati ni kwako. Sitagusa."

Bibi Syabumi alitazama mistari ile, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Ndaga, mwanangu," alisema taratibu, kwa lugha ya kwao, akishukuru.

*

Kwanza mzigo ulitoka. Asa alifungua kizibo, na maji yakamwagika kupitia mpira hadi mferejini. Kisha akashuka mwenyewe, mwenye fulana ya zamani ya kampuni ya malori, akasaidiana na Lusubilo kuingiza mirunda waliyoikuta nyuma ya jengo, miti minyoofu ya kuegemeza, wakaisimamisha chini ya boriti na kuikaza kwa kabari.

"Kwa hiyo tunaanguka?" aliuliza Asa.

"Hatujui, mzee. Ndiyo maana ya mirunda."

"Mtoto je?"

"Ahamie upande wa pili wa chumba. Kwa leo."

"Upande wa pili unavuja."

"Mwekee beseni," alisema Bibi Syabumi.

"Nimweke mtoto kwenye beseni?"

"Chini ya uvujaji, Asa. Beseni chini ya uvujaji. Mungu wangu, mtu huyu alipewaje leseni ya lori."

Asa akapanda ngazi akijichekea, lakini kabla ya kufika juu kicheko kiliisha, na walimsikia akiburuta kitanda kwa uangalifu mkubwa, kidogo kidogo.

Lusubilo aliivuta meza hadi kwenye ncha ya boriti iliyo karibu na mlango. Alikuwa amekwisha kushika msasa alipoona mkono wa Bibi umenyooshwa.

"Bibi, kuna kupanda."

"Nimeona kuna kupanda. Wewe shika miguu."

Akapanda, taratibu, mkono mmoja begani mwa Lusubilo, na aliposimama wima kichwa chake kikawa karibu kugusa zege. Lusubilo akamshika vifundo vya miguu kwa mikono yote miwili, kwa heshima, kama mtu anayeshika chombo cha kuazima. Akasikia msasa ukianza. Vumbi jeupe na jeusi likamwangukia nywelani. Lusubilo hakuinua uso, maana kulikuwa na mambo ambayo hakuyahitaji kwa kazi yake.

Mara moja tu msasa ulisimama.

"Huu ndio mstari wa kwanza," sauti ilisema kutoka juu. "Umepinda. Alikuwa bado hajazoea."

Kisha ukaendelea.

Walipomaliza ncha zote mbili walipaka rangi nyeupe, na kwa kuwa hewa ilikuwa imelowa, Bibi alileta jiko la mkaa na kulisogeza chini mpaka weupe ukakauka. Ilikuwa zamu ya meusi. Bomba la kupulizia lilikuwa limeziba kwa unyevu, jambo la kawaida Tukuyu, basi Lusubilo alichovya brashi, akapanda na kuirushia boriti. Matone makubwa yakatua na kuanza kuchuruzika. Akayafuta haraka kwa kitambaa. Akarusha tena, yakakusanyika upande mmoja.

"Unarusha kama unafukuza kuku," alisema Bibi Syabumi.

"Kwa bomba huwa rahisi."

"Nipe. Kwetu mume alipanda chai kwa kamba, mke alimwaga ulezi. Chai ukiikosea mstari unachekwa. Ulezi ukiupanga, unaota kama meno ya kichana, na ndege anajua pa kuanzia."

Akapanda tena, na Lusubilo akashika tena. Bibi alichovya ncha tu ya brashi, akaikung'uta, kisha akaanza kumwaga. Hakurusha mkono; mkono ulitembea na kifundo ndicho kilichotupa, pumzi ikitoka puani kwa kila mtupo. Madoa yalitua kama mvua nyepesi, mengine mapana, mengine kama ncha ya sindano, kwenye mkanda na kwenye zege pembeni. Walihamisha meza, akamwaga ncha ya pili. 

Aliposhuka, Lusubilo aligeuza jicho juu na kutazama kioo.

"Inafaa?"

"Inafaa sana. Hakuna nyuso mbili zinazofanana."

"Kama wajukuu wa Asa," alisema Bibi. "Basi soma."

"Bado, Bibi. Rangi ikiwa mbichi inatembea yenyewe. Nikisoma sasa nitasoma rangi, sitasoma boriti. Kesho asubuhi nitapiga picha ya kwanza, tutatoa mirunda, Mzee Asa atajaza mfuko, nitapiga ya pili. Hapo itasema."

Bibi Syabumi akaitikia kwa kichwa. Akanyoosha mkono kuchukua kitambaa kilichokuwa mezani, na mkono ule ulipita mbele ya lenzi. Ulikuwa umerukiwa na madoa, kutoka vidoleni hadi kiwikoni, meusi juu ya vumbi jeupe la boriti. Jicho, ambalo halikujua tofauti, liliuona na kuufuata. Kwenye kioo ukatokea mkono wa mwanamke mzee umejaa mishale midogo ya rangi, kila mshale ukielekea upande wake, ikionyesha jinsi ulivyokuwa ukitetemeka.

Lusubilo alivua kofia yake na kuifunika lenzi.

Simu ikaita.

"Nafunga ofisi," alisema Atuganile. "Niandike nini?"

"Andika, inakauka."

"Hakuna mahali pa kuandika hivyo. Kuna kijani na kuna nyekundu."

"Basi paache wazi."

Alimsikia akivuta pumzi, akasikia na kiti chake kikisogea. "Ulinisikia nilivyosema mchana?"

"Nilikusikia, dada Atu. Mtandao ulikuwa mzuri."

"Sawa," alisema, na sauti yake ilikuwa imelegea, kana kwamba kuna mtu amempokea mzigo upande mmoja. "Nimepaacha wazi. Nipigie asubuhi, liwe lolote."

Kutoka dirishani sauti ya Asa ilishuka. "Fundi, nijaze godoro?"

"Kesho, mzee."

"Beseni limeshajaa nusu. Mtoto anafurahia mlio."

Jikoni ndizi zilikuwa zimeiva. Bibi Syabumi alizipakua kwenye sahani mbili, akazipitishia mkono wenye madoa, akasita, kisha akazipanga, moja kando ya nyingine, zimenyooka. Akamsogezea Lusubilo sahani yake.

"Hizi utazila?"

"Hizi nitazila, Bibi."

Wakala, wamekaa upande wa jikoni, mbali na mirunda. Ukungu ulikuwa umefika dirishani. Kwenye boriti, mistari ya Andulile ilikuwa imebaki katikati, na huku na huku yake ulezi ulikuwa mbichi bado, uking'aa.

"Uje mapema," alisema Bibi Syabumi, bila kuondoa macho huko juu. "Nitakuwa nimeamka."